Julai ya Kwanza Kilifi

Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika duka la vipuri katikati ya Nairobi, na kwa zaidi ya miaka ishirini alienda kazini kwa baiskeli. Asubuhi, kutoka kwetu Uthiru, ilikuwa mteremko karibu njia yote. Jioni ndiyo ilikuwa kazi. Alipanda mlima wa Kangemi akiwa amesimama juu ya pedali, akafika nyumbani shati limemganda mgongoni, nami nikampa chai kabla hajasema neno.

Kisha barabara ikapanuliwa, magari yakazidi, na siku moja lori likambana akaangukia mtaroni. Alivunjika mfupa wa bega. Baiskeli ikaning'inizwa ukutani, na yeye akaanza kuzeeka mbele ya macho yangu.

Alipostaafu alisema, "Mama, twende tukaishi pwani. Huko barabara ni tambarare, na hakuna baridi."

"Na kanisa langu? Na bustani yangu ya sukuma nimwachie nani?"

"Twende wiki moja tu, tuone."

Tulienda Kilifi. Asubuhi ya pili alikodisha baiskeli, akapotelea kwenye njia za mashamba ya mkonge. Aliporudi aliongea bila kupumzika, kama kijana aliyetoka kumwona mchumba. Nilimwangalia uso, nikajua nimeshindwa.

Tukahamia huko. Ilipofika Julai, binti yetu anayeishi Mountain View, karibu na kwetu Uthiru, alinipigia simu. "Mum, huku ni baridi mbaya. Nguo hata hazikauki."

Yeye alikuwa analalamika. Mimi nilimwonea wivu. Nilipokata simu nilifungua sanduku, nikatoa sweta yangu nzito, nikaivaa, nikaketi barazani. Upepo wa bahari ulikuwa mwanana, lakini jasho lilinitiririka vilevile. Nilikumbuka ukungu wa Uthiru, makaa yakipepewa nje ya milango, majirani wakisalimiana bila kutoa mikono mifukoni.

Mume wangu akaingia na baiskeli yake, akasimama. "Unaumwa?"

"Hapana. Nimekumbuka nyumbani tu."

Nilidhani atacheka. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaketi kando yangu.

"Mimi nakumbuka ule mlima wa Kangemi," alisema. "Hapa nikifika nyumbani sijachoka. Hata chai yako haina ule utamu."

Sikuwahi kujua. Nilifikiri huzuni ya kuhama ilikuwa yangu peke yangu. Tulikaa pale mpaka chakula cha mchana kikachelewa, tukiwataja majirani mmoja mmoja, nani bado yuko na nani alihama.

Julai iliyofuata tulienda kwa binti yetu tukae mwezi mzima. Siku ya tatu mume wangu, akiwa amejifunika blanketi mpaka masikioni, aliuliza mabasi ya pwani huondoka saa ngapi. Nilimsindikiza hadi mjini, nikampungia mkono, nikarudi Mountain View. Mimi nilimaliza mwezi wangu.