Majani ya Barabara ya Kisesa

Mume wangu Nkwabi ameendesha magari miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote kitu kimoja tu kilimtisha: kukaa nyumbani. Kwa hiyo bosi wake Gladness, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mkuyuni, alipotangaza kwamba amenunua gari linaloshika njia lenyewe na kufunga breki lenyewe, mume wangu alikosa hamu ya chakula siku mbili.

Kijiweni kwa madereva kila mtu alikuwa na lake. Dorotea muuza chai alisema magari hayo yaje hata kesho, maana mashine hainywi gongo. Fundi Mayala akauliza, likigonga mtu, polisi watamfunga nani? Nkwabi yeye alikuwa na swali moja, na alimuuliza hata asiyetaka kulisikia: mashine itajua majani?

Maana kwetu lori likiharibika njiani, dereva hukata matawi mabichi na kuyapanga barabarani nyuma yake, moja huku, jingine kule, ili anayekuja apunguze mwendo. Hayo hayafundishwi darasani. Gladness alipolisikia swali hilo akacheka, akasema Jumamosi waende Bujora. Nkwabi akae kwenye usukani, ila asiguse kitu mpaka aone hatari. Gari likienda na kurudi bila msaada wake, basi hatahitaji dereva tena.

Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Tangu mvua zilizopita Nkwabi alikuwa ananipa simu yake nimsomee ujumbe, akisingizia kioo cha simu ni kibovu. Wiki ile alimpungia mkono jirani yetu mzee Shimba kwa heshima zote, kumbe ni shati limeanikwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikashindwa kulala. Nilipomtajia hospitali alisema ni vumbi tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini huwezi kumwambia hivyo dereva anayetoka kazini kwa miguu yake mwenyewe.

Nikaomba lifti. Nilisema nakwenda kumsalimu dada yangu Paskazia huko Bujora. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuyachunga macho ya mume wangu.

Tulipoipita Igoma mvua ilikuwa ya rasharasha. Usukani ulikuwa unajizungusha kidogo kidogo wenyewe, na mimi kiti cha nyuma nilishikilia mlango. Gladness, aliyekaa mbele karibu na Nkwabi, alikuwa anajibu simu za wateja. Ng'ombe walivuka, gari likasimama likawangoja kwa adabu, na Nkwabi akaguna.

Karibu na Kisesa nikaliona tawi la kwanza. Bichi kabisa, limelala katikati ya njia yetu. Nikamtazama Nkwabi; mikono ilikuwa mapajani. Nikasema moyoni ameliona, anasubiri kuliaibisha gari. Likaja la pili. La tatu likakwaruza chini ya miguu yetu, na mikono yake bado ilikuwa mapajani. Tukakata kona, na lori bovu likawa hapo hapo mbele yetu.

Gari lilifunga breki lenyewe. Simu ya Gladness iliruka, paji langu likagonga kiti cha mbele, tukasimama hatua tatu kutoka kwenye mabomba ya chuma yaliyotokeza nyuma ya lori.

Gladness alishika kifua. Kisha akageuka nyuma, akayaona matawi kule kwenye kona.

“Mzee Nkwabi, ulisema kweli,” alisema taratibu. “Limeyapita yote kama takataka, likasimama dakika ya mwisho. Na wewe uliliacha makusudi ili nijionee. Sawa. Kazi yako haina mtu wa kuigusa.”

Nikamwomba Mungu mume wangu anyamaze. Nasema bila kuficha: nilitaka anyamaze, tuambiane ukweli nyumbani, kazi ikiwa salama. Nkwabi aliutazama ule usukani.

“Bosi,” alisema, “gari halikuyajua majani. Mimi nayajua tangu ujana wangu.” Akafungua mkanda. “Ila sikuyaona.”

Akafungua mlango, akasema tumeyavuruga majani ya mwenzetu na lazima yarudishwe, maana nyuma kuna wengine wanakuja. Nilimwona akirudi pembeni mwa barabara kwenye ile rasharasha, ameinama, mkono mmoja mbele, anapapasa lami mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nikashuka, nikamwonyesha yalipo.