Kitabu cha Ndege Wavuvi

Baada ya uhuru, vitabu vya Kifaransa vilikuwa bado vinafika Kisangani kwa meli, na mimi, mwalimu kijana mwenye majivuno, nilijiona bwana wa vitabu. Kila Jumamosi kabla ya kufunga darasa niliwasifia watoto vile vilivyonifurahisha karibuni. Vyote vilikuwa vya Asia, maana vya Ulaya vilikuwa vimenichosha. Kimoja kilikuwa cha msichana wa Japani anayefuga viwavi wa hariri. Kingine cha ndugu wawili wa India wanaogombania ngoma ya marehemu babu yao. Nilichokipenda kupita vyote kilikuwa cha familia ya China inayoishi ndani ya mtumbwi na kuvua samaki kwa ndege waliofundishwa. Ndani ya jalada la kila kitabu niliandika neno la kumvuta msomaji. Katika hicho niliandika: "Soma. Hawa Wachina ni ndugu zetu."

Binti wa fundi cherehani mmoja, Mwislamu, alikipenda mno. Baba yake hakujua Kifaransa, basi binti alikaa barazani akimtafsiria huku yeye anashona.

"Mwalimu, uniachie tena wiki moya," aliniambia. "Papa anasema ile ndege iko na akili kupita batu."

Nikamwachia. Wiki hiyohiyo waasi waliuteka mji, shule ikafungwa, kitabu kikabaki kwao. Miezi ikapita, jeshi la serikali likarudi na kupekua nyumba kwa nyumba. Kila mtu alikuwa amesikia kwamba waasi walisaidiwa na Wachina. Kwa fundi walikuta kile kitabu chenye picha za Wachina, na maneno yangu ndani ya jalada. Wakamchukua yeye.

Binti alinijia asubuhi. Hakulia.

"Mwalimu, uende ku kampi, ubaambie ile ni maandiko yako, kitabu iko ya masomo. Weye batakusikia, unajua Kifaransa."

Nilivaa shati safi nikaenda. Kwenye kona ya kuelekea kambini niliona wanaume wamekalishwa chini juani, mikono imefungwa nyuma, askari anawavua viatu. Naweza kuisimulia safari hiyo hadi mtu anihurumie, lakini sitaki. Niliogopa, nikageuka, basi.

Nilimkuta binti ananingoja mlangoni kwangu. Nikamwambia nimefika, nimesema yote, wamekataa kunisikiliza.

"Aksanti, mwalimu," alisema.

Fundi hakurudi, na mwili wake haukuonekana. Mkewe aliuza cherehani. Shule zilipofunguliwa nilifundisha hesabu tu. Mtoto akiniuliza asome kitabu gani, nilimwambia sijui, na nilikuwa nachukia kuulizwa. Yule binti alikua, akaolewa, akazaa. Hadi leo kwenye misiba hunisogezea kiti cha mbele, na kuwaambia waliokaa kwamba siku zile, katika mji mzima, ni mimi peke yangu niliyekwenda kumwombea baba yake.