Safari ya Mtu Mmoja Kwenda Kwenye Chai

Nyumba yetu ni flati moja ya Albert Park, hapa Durban, ghorofa ya nne, vyumba vitatu, na ndani tunaishi familia nne. Mimi na mama tuko sebuleni upande wa dirisha. Tantine Huguette yuko upande wa ukuta. Katikati kuna pazia la maua mekundu, na pazia linazuia macho tu, masikio halizuii.

Kila mwanamke hapa anaitwa kwa mtoto wake. Mama yangu ni Mama Blaise, kwa jina la kaka yangu aliye Cape Town. Anayekaa karibu na jiko ni Mama Cathy. Huguette hana mtoto wala mume, basi wakubwa wanamwita Huguette tu, na sisi wadogo tunasema Tantine, yaani shangazi. Ana miaka hamsini na moja. Anafanya kazi Clairwood, kwenye ghala moja wanapopakia chai. Miaka tisa anasimama mbele ya mashine ile ile, akitoa vipakiti vilivyokunjika vibaya. Akirudi jioni sweta yake inanuka majani, na mama anasema "Huguette ameingia" kabla hata hajageuka.

Hakuna aliyekuwa anamtembelea. Siyo kwamba walimchukia. Watu wanamtembelea mwenye mtoto mchanga, mwenye msiba, mwenye harusi. Yeye hakuwa na kimoja hapo. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa mstari wa tatu kutoka nyuma, akarudi, akapika wali wa kikombe kimoja.

Simu yake ilikuwa imeharibika, haisikiki mpaka aweke spika. Ndiyo maana nilijua habari ya safari kabla ya wengine. Alikuwa anaongea na Khadeeja, dada wa ofisi ndogo ya safari karibu na soko la Warwick. Khadeeja amezaliwa hapa hapa Durban. Wazee wa wazee wake waliletwa kutoka pande za Zanzibar, na Kiswahili alicho nacho amekiokota kwa wateja.

"India, sawa," Khadeeja alisema siku ile ya kwanza. "Hospitali gani, Tantine? Chennai?"

"Sitaki hospitali, binti yangu. Nataka vilima."

"Vilima?"

"Vya chai. Kwenye maboksi ya kazini iko jina la mahali. Nimetafuta picha."

Khadeeja alicheka, lakini cheko zuri. "Eish, Tantine. Watu wa kwenu wote nawapeleka kwa daktari. Wewe ni wa kwanza kuniambia vilima. Unaenda na nani?"

"Na miye."

Tantine akaanza kupanga. Alifungua boksi la chai, akalibandika ukutani upande mweupe, akachora njia kwa kalamu ya bluu. Atashuka Kochi. Kutoka hapo basi mpaka Munnar, kwenye chai, siku nne. Halafu Thekkady, kwenye hifadhi ya wanyama, siku tatu. Halafu ateremke mpaka Aleppi, ambako maji ya bahari yameingia nchi kavu yakatulia, yamekuwa mifereji na maziwa, watu wanaishi pembeni, na mtu anaweza kulala ndani ya mashua yenye paa la majani. Siku mbili. Niliyajua majina yote kwa sababu aliyarudia kila jioni, taratibu, kama mtu anayejifunza kuhesabu. Alitaka kwenda mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeisha.

Siku moja mama alikuwa kazini, na mimi nilikuwa naangalia lile boksi. Akaniambia, "Kwetu kulikuwa hivi hivi. Juu chai, chini ziwa Kivu. Baba yangu alikuwa anakata matawi ya chai. Nyuma yetu msitu wa wanyama, serikali ilikataza tusiingie. Lakini tembo wenyewe hawakukatazwa, walikuja kula maharage yetu." Akacheka peke yake. "Walikula bure. Sasa miye naenda kulipa ili niwaone."

Nikamuuliza kwa nini asiende kule kule kwao. Akatoa kitabu chake cha safari, kile cha wakimbizi, akanionyesha mstari. Kinaruhusu nchi zote, isipokuwa moja. Nilisoma mpaka darasa la tano, lakini mstari ule niliuelewa.

Sasa, kwa watu wetu, India siyo nchi ya kutembea. India ni wodi. Mtu akitaja India ametaja figo, au moyo, au uvimbe tumboni. Anakwenda amebebwa, na nusu ya wanaokwenda tunasikia habari zao kanisani, wengine kwa nyimbo za furaha, wengine kwa zile nyingine. Tantine hakufikiria jambo hilo hata kidogo. Yeye alikuwa anafikiria chai.

Mama Cathy ndiye aliyesikia. Alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya mihogo, spika ikasema India, ikasema viza, ikasema mwezi wa kwanza. Kule Uvira Mama Cathy alikuwa muuguzi. Hapa anauza sombe na samaki wakavu Warwick, lakini uuguzi haujamtoka. Akaja kwa mama yangu na mikono ya kijani.

"Mama Blaise, Huguette anaenda India."

Mama akaweka pasi chini. "Yesu wangu. Figo ao moyo?"

"Hajasema. Lakini umeona vile amekonda?"

Alikuwa amekonda kweli. Alikuwa anaruka chakula cha mchana ili safari itimie. Mimi nilijua. Nilikuwa na mdomo, na sikuutumia.

Jumamosi Tantine alirudi kutoka kazini akakuta wamama watano wa kanisa wamekaa juu ya kitanda chake, sufuria ya uji chini, samaki wa chumvi wa makayabu, ndizi, na Mama Cathy ameshika mashine ya kupima presha.

"Kaa, mama, kaa. Usiongee," Mama Cathy akamwambia.

"Kuna nini?"

"Tunajua yote. Wewe ulitaka kufa peke yako bila kusema? Sisi ni nani yako, majirani ya barabara?"

Wakamvalisha ile mashine mkononi. Ikavuma. Mama Cathy akasoma namba kwa sauti, akawageukia wenzake. "Mumeona? Iko juu! Nilisema!" Na ya nani isingepanda, ukikuta watu watano kitandani kwako.

Tantine alifungua mdomo. Nilimwona pembeni ya pazia. Lakini wakati huo mama mmoja mnene, Mama Matilda, alikuwa amepiga magoti, amemvua viatu, anamkanda miguu huku anaimba polepole. Tantine akaangalia miguu yake ndani ya mikono ya yule mama. Akafunga mdomo.

Basi wakaanza kuja kwa zamu, ndivyo tunavyofanya kwa mgonjwa. Jumanne mmoja, Alhamisi mwingine, Jumamosi wote. Walileta chakula, walifua mashuka, walisimulia habari za watoto wao, walicheka sana. Kumbe Tantine anajua kuchekesha. Aliwaigiza wakubwa wa ghala mmoja mmoja mpaka Mama Matilda akamwaga chai. Wiki ya pili alinunua vikombe sita. Wiki ya tatu niliona kitu kingine. Akiwa peke yake alipanda ngazi kama zamani, haraka, mfuko mkononi. Siku ya zamu, wamama wakiwa nyuma yake, alipanda polepole, akashika ukuta, akapumzika ghorofa ya pili.

Boksi aliligeuza upande wenye maandishi ya ghala. Wakiondoka analigeuza tena.

Halafu kanisa likakaa kikao. Mgonjwa hasafiri peke yake, hilo halina mjadala. Lazima awe na garde-malade, mtu wa kumlinda hospitalini, wa kumpikia na kumwosha. Wakamchagua Mama Cathy, kwa sababu ni muuguzi na kwa sababu ana kitabu cha safari, alikitumia kwenda Zambia kumzika mama yake. Watu wakaanza kuchangia tikiti yake. Pasteur Anaclet, mchungaji wetu, akatangaza kwamba Jumapili Huguette atapita mbele kupakwa mafuta.

Jumamosi mchana, kabla wamama hawajafika, spika ikaita.

"Tantine, ni Khadeeja. Kuna mama amekuja hapa. Anataka kiti pembeni yako, ndege ile ile. Ananiuliza hospitali gani. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

"Sawa. Na ile mashua ya Aleppi? Niliandika mtu mmoja. Naweka wawili?"

Niliweka kitana chini nisifanye kelele. Upande wa pili wa pazia kitanda kililia kidogo, kama mtu amekaa.

"Tantine? Uko?"

"Niko."

"Si mbaya kuwa wawili. Ile mashua ni kubwa, watu wengi wanaenda na bwana wao. Usiku kimya kabisa. Mimi mwenyewe ningeogopa."

"Nitakupigia Jumatatu," akasema Tantine.

Kanisa letu liko juu ya duka la matairi, chumba kirefu chenye viti vya plastiki. Jumapili ile kilijaa. Mama Cathy alivaa nguo yake nyeupe ya kazi ya zamani, ile ya Uvira, na ilikuwa bado inamtosha. Tantine akaitwa. Akapita katikati akishika migongo ya viti, wamama wawili wamemshika mikono. Pasteur Anaclet akafungua kichupa.

"Dada yetu, tuambie jina la ugonjwa, tuutaje mbele ya Bwana."

Tantine akaangalia kile kichupa. Akaondoa mikono ya wale wamama, mmoja, halafu wa pili.

"Hakuna ugonjwa, Pasteur."

"Amina! Kwa imani!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Hapana. Siyo kwa imani. Siumwi. Naenda kutembea."

Pasteur alishusha kichupa kidogo. "Kutembea wapi?"

"Kwenye chai."

"Chai si iko dukani!" akasema kijana mmoja mpiga ngoma, na watu wengine wakacheka. Halafu wakaona kwamba yeye hacheki.

"Kitabu changu kinasema nchi zote isipokuwa kwetu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka nyuma. "Nimetafuta mahali panafanana, chai juu, tembo nyuma. Hakuna kingine. Na Mama Cathy asinunue tikiti."

Mama Cathy alikuwa amesimama. "Na wiki zote hizi? Nimekupima presha kila Jumamosi!"

"Nilinyamaza sababu mulikuwa munakuja," akasema Tantine.

Pasteur alifunga kichupa, akatafuta wimbo. Tantine akarudi kwenye mstari wa tatu kutoka nyuma, akaimba mpaka mwisho wa ibada, kila ubeti. Mimi ningetoka.

Nyumbani Mama Cathy alivua nguo nyeupe, akaikunja, akarudisha michango kwa kila mtu mlango kwa mlango, na kila mlango aliongea kwa nguvu ili isikike jengo zima. "Naambiwa ni tembo. Anaenda kuona tembo! Sisi tulikimbia na watoto mgongoni, yeye anafuata tembo!" Mama yangu hakusema kitu kibaya. Hakusema kizuri pia. Jumanne hakuna aliyekuja. Alhamisi hakuna. Mama Matilda alituma mtoto kuchukua sufuria yake. Upande wa ukuta nikasikia kijiko kimoja, sahani moja, maji ya kuosha. Boksi sasa lilikaa upande wa ramani muda wote, lakini majina hakuyasema tena kwa sauti.

Nilidhani ataacha. Hakuacha. Jumatatu iliyofuata alimpigia Khadeeja akasema mtu mmoja. Viza ikatoka. Alinunua viatu vya mpira na mfuko wa mgongoni wa mwanafunzi, wa rangi ya zambarau, kwa sababu ulikuwa rahisi.

Wiki moja kabla ya kuondoka, mama alikuwa sakafuni anachambua maharage. Tantine akasimama upande wake wa pazia. Tuliona vidole vya miguu yake chini ya pindo.

"Mama Blaise."

"Mm."

"Kuna karatasi ya Khadeeja. Inataka jina la mtu."

"Mtu wa nini?"

"Wa kupigiwa simu. Kama nimepata shida kule."

Mama aliendelea kuchambua. Akatupa kijiwe, akatupa kingine. Nilianza kuhesabu vijiwe. Vilifika saba.

"Na wanauliza ni nani yako?" mama akasema.

"Ndiyo. Iko nafasi ya kuandika."

"Unaandika nini hapo?"

"Sijui. Jirani?"

"Jirani," mama akasema, kama anaonja chumvi. "Wazungu wa ndege watampigia jirani? Watasema, jirani, poleni, basi. Andika dada."

Pazia halikutikisika.

"Uko na kalamu?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa bado ya hasira. "Andika namba. Siyo ile ya zamani. Na usinitumie picha za tembo, simu yangu imejaa."

Akaitaja namba taratibu, na Tantine akairudia upande wa pili, na mama akamsahihisha mwisho, ni nane, siyo tatu. Halafu karatasi ikapita chini ya pindo ili mama aone kama jina limeandikwa vizuri. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine mtupu, wa mtu wa pili wa kupigiwa.

"Na huyu?" mama akauliza.

"Khadeeja amesema mmoja anatosha."

Mama akarudisha karatasi chini ya pazia, akaendelea na maharage.