Karatasi za Bi Mkasi

Nimepiga pasi sare za watu miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo meza yangu imekuwa hatua mbili tu kutoka meza ya Bi Mkasi. Yeye ni mkaguzi. Shati likitoka kwenye cherehani linapita kwake kwanza. Analigeuza ndani nje, anavuta mshono kwa vidole viwili, na likimridhisha analisukuma kwangu. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya kimkasi kinachoning'inia shingoni mwake, ambacho hakivui hata akienda msalani. Binti yake aliniapia kwamba analala nacho.

Ni mama aliyekwisha kuchoka. Ikifika saa nane mchana miguu imeshavimba, miwani amebadilisha mara tatu tangu nimjue, na bado hakuna kasoro inayompita. Sisimulii haya ili kumchafua. Nampenda. Ila napenda pia jambo lisemwe lilivyo, na hilo limenigombanisha na watu wengi.

Kiwandani kwetu kuna sheria ya karatasi. Ukiharibu kazi, mkaguzi anakuandikia: jina, kasoro, tarehe, sahihi. Ukipata karatasi tatu ndani ya mwezi mmoja, unaenda nyumbani na hurudi tena. Kimya alikuwa nazo mbili.

Kimya ni mshonaji, mmoja wa wale kumi walioajiriwa miaka miwili iliyopita kutoka ng'ambo ya mpaka. Rangi yao si kama yetu, na lafudhi yao ilitupatia cha kuigiza wakati wa chai. Huyu tulimwita Kimya kwa kuwa hakuwa msemaji. Ana watoto watatu na mama mgonjwa, na wote wanaitegemea cherehani ile moja.

Alhamisi moja shati lake lilifika kwa Bi Mkasi, mkono umepinda kwapani. Ulipinda kweli, hata mimi niliuona kutoka pale nilipo. Bi Mkasi akafunga uzi mwekundu mahali penyewe, akavuta kijitabu chake, akaandika. Ya tatu hiyo.

Kimya alikuja na karatasi mkononi. Msimamizi alikuwa amesimama pale pale, nasi sote tunasikia. Hakupaza sauti.

"Mama, wewe ni mbaguzi," alisema.

Cherehani zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

Nikiri kwamba kwanza kabisa nilichoka. Neno lile lilikuwa limeshachuja kwetu. Mmoja wao aliwahi kuambiwa afunge bomba la maji, akasema ni ubaguzi. Mwingine alichelewa siku nne mfululizo, akaulizwa kulikoni, akasema ni ubaguzi. Nasi tukaligeuza mzaha: chai ikikuishia kabla hujajaza kikombe, unasema umebaguliwa. Kwa hiyo nilipolisikia tena nilijisemea moyoni, haya, yale yale.

Bi Mkasi hajawahi kumtukana mtu yeyote pale ndani, na hilo naweza kuliapia. Akalitandaza shati mbele ya msimamizi.

"Mimi sisemi mtu, nasema mshono," alisema. "Mshono hauna rangi. Angalia mwenyewe kama haukupinda."

Msimamizi wetu ni mwanamume anayefuta miwani kila anapotakiwa kuamua jambo. Akaifuta, akaangalia. Umepinda. Akamuuliza Kimya kama anakataa. Kimya akasema hakatai, mshono umepinda, na hata zile karatasi mbili za mwanzo ziliandikwa kwa haki. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: wengine wakipindisha, karatasi zao ziko wapi?

Faili likafunguliwa. Karatasi za miezi sita, na karibu zote zilikuwa za wale kumi. Bi Mkasi akasema ndiyo hayo anayoyasema kila siku, wao ndio wanaoharibu, sasa yeye afanyeje? Kuna walioguna kumuunga mkono. Msimamizi akanigeukia mimi, kwa kuwa kila shati mwishowe linaangukia mezani kwangu, akaniuliza ninaona nini.

Nilikuwa naona kila siku, mpaka nikawa sioni tena. Mmoja wetu akipindisha mshono, Bi Mkasi anagonga meza mara mbili kwa mpini wa mkasi. Mhusika anakuja, anaulizwa kama alishona huku amelala, wanacheka, anafumua, anarudia, yameisha. Hakuna karatasi. Kisha wakati wa chai tunamwonea huruma: mtoto wake hakulala, macho yanamsumbua, ana homa. Akipindisha mmoja wao, anaandikwa, na wakati wa chai tunatikisa vichwa na kusema ndivyo walivyo. Mshono ni ule ule. Kwetu kosa lilikuwa la siku ile tu, kwao tulilifanya la damu.

Na mimi nilikuwa na langu. Wiki iliyotangulia nilizubaa nikachoma kola mbili. Bi Mkasi alizifumua mwenyewe, akamwomba shoga yake ashone nyingine, zile zilizoungua akazisukumiza chini kabisa ya gunia la vitambaa. Aliniambia mikono imezeeka, mwenzangu. Nilishukuru, nikaendelea na kazi.

Ningeweza kusema sijui, mimi ni mtu wa pasi tu. Bi Mkasi alikuwa ananitazama, amekwisha kutulia, ana uhakika nitasema nini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Karatasi zake zote ni za kweli," nilisema. "Lakini wiki iliyopita nilichoma kola mbili. Karatasi yangu iko wapi?"

Msimamizi akafuta miwani muda mrefu. Mwishowe akasema ile ya tatu haihesabiwi. Kuanzia kesho ama wote wanaandikwa, ama wote wanaambiwa kwa mdomo, na Bi Mkasi achague mwenyewe. Akaondoka zake, kwa sababu uhodari wake ni kumwachia mtu mwingine mzigo.

Bi Mkasi akachukua lile shati, akaburuta miguu yake hadi kwenye cherehani ya Kimya. Akagonga meza mara mbili kwa mkasi, kama anavyotugongea sisi.

"Mwanangu, ulishona huku umelala?"

Kimya hakucheka.

"Mama, wewe hujawahi kunitania," alisema. "Nionyeshe tu pa kufumua."

Akamwonyesha.

Jioni, wakati wa kubadilisha nguo, Bi Mkasi alikaa kando yangu kwenye benchi. Nilidhani atanilaumu. Alijaribu kufunga kamba za viatu, mguu ukamkatalia. Akasema hakuwachukia, na nisije nikadhani aliwachukia.

"Nilichoka tu," alisema. "Kuongea na mtu usiyemjua ni kazi. Kuandika ni rahisi."

Nilimwamini, na bado niliona amekosea. Nikainama nikamfunga kamba.

Asubuhi iliyofuata nilikuta karatasi juu ya meza yangu ya pasi. Jina langu, kola mbili zilizoungua, tarehe, sahihi. Kumbe ameshachagua. Mwandiko wake mzuri kama kawaida, hakuna neno la uongo hata moja. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiomba, tena mbele za watu, lakini uso uliniwaka. Nikaikunja mara nne, nikawa natafuta pa kuificha. Nilimkasirikia Bi Mkasi kabisa, bila haki yoyote.

Kimya alikuwa anapita kwenda kuchukua uzi. Aliiona kabla sijaitia mfukoni, akasimama.

"Ya kwanza inauma, dada," alisema. "Ikifika ya pili, unaanza kuamini kwamba ndivyo ulivyo."

Akachukua uzi wake, akarudi kwenye cherehani.