Siku Paka Wangu Aliponadiwa Kanisani

Naanza kwa kukiri, maana huku Myamba hakuna asiyeijua habari hii, na nisipoisema mwenyewe mtasimuliwa na wengine kwa chumvi nyingi zaidi: mimi, mwalimu mstaafu wa Sayansi, niliyewakemea watoto wa watu miaka yote kwa kusema uongo, nilimtoa paka mgonjwa kama sadaka ya mavuno, akanadiwa mbele ya usharika mzima, na mimi mwenyewe nikawa miongoni mwa waliompandia bei. Chekeni kwanza. Mkimaliza, nisikilizeni taratibu, kwa sababu ndani ya aibu hii kuna jambo litakalomfaa kila anayefuga paka.

Paka huyo anaitwa Karani. Mke wangu alimpa jina hilo kwa sababu hukaa juu ya magunia ya mahindi kama anayeyaandika, na tangu aje kwetu panya wamehama. Siku hizo mke wangu alikuwa Moshi anamuuguza dada yake, nami nilibaki na Karani, ambaye kukiwa na baridi (na baridi ya Julai ya milimani si ya kusimuliwa) hulala juu ya miguu yangu mpaka asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Mwanamume wa umri wangu kupashwa miguu na paka!

Jumamosi nikamwona anachuchumaa kwenye majivu, anajikamua, hakitoki kitu, anaondoka, anarudi tena. Nikasema huyu amefunga choo, nikamnywesha kijiko cha mafuta ya kula, kama tulivyonyweshwa sisi utotoni. Jioni akakataa dagaa. Jumapili asubuhi nikamkuta chini ya meza, amejikunyata, na nilipomgusa tumbo akanguruma, yeye ambaye hajawahi kuningurumia. Hapo nikaogopa kweli. Nikaamua kumshusha Same mjini, kuna kliniki ya wanyama inayotibu mbwa na paka, na gari pekee la Jumapili ni la kijana wetu Eliamani, ambaye pia huimba besi kwenye kwaya, kwa hiyo halitoki uwanja wa kanisa mpaka ibada iishe.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniponza. Huku kwetu ng'ombe akiugua majirani wanakuja kukupa pole, lakini paka akiugua unaambiwa watazaliwa wengine. Niliona haya kupita sokoni nimekumbatia paka. Nikamweka kwenye kikapu, nikafunika kwa khanga kuukuu ya mke wangu, nikaishona ukingoni kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, nikaacha matundu ya hewa, nikajiambia, akiuliza mtu, ni kuku.

Na kweli mtu akauliza. Mlangoni mwa kanisa alisimama Mzee Elieza, mzee wa kanisa, ambaye ndiye mnadi wetu.

"Mwalimu, Bwana asifiwe! Umebeba nini?"

"Amina. Kuku tu."

Uso wake ukang'aa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ile ilikuwa Jumapili ya mavuno (mimi, mjumbe wa kamati!), na Jumapili ya mavuno mtu akija kanisani na kuku, kuku huyo hana njia nyingine isipokuwa madhabahuni. Kabla sijafumbua mdomo kikapu kilishatoka mkononi mwangu, na Mzee Elieza anasema kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nyuma, "Mungu akuzidishie, mwalimu! Mwaka jana ulituletea limao."

Nikakaa. Ningeweza kuinuka na kusema ukweli, na kila dakika niliyoacha kuinuka, kuinuka kukawa kugumu zaidi. Karani yuko mbele pale, kati ya gunia la tangawizi na mkungu wa ndizi, na mimi sisikii mahubiri, nasikiliza kikapu. Kilichoniumiza ni kwamba kilikuwa kimya. Paka mzima angeshusha paa kwa kelele. Nikaomba, nisamehe Mungu, nikaomba alie.

Ibada ikaisha, mnada ukaanza nje. Mzee Elieza akakipima kikapu mkononi. "Jamani, huyu si kuku, huyu ni jogoo! Uzito huu! Amelelewa na mwalimu, hata kuwika anawika kwa adabu, mmemsikia akisumbua ibada?"

Nikaona njia ni moja tu: nimnunue mwenyewe. Nikataja bei. Watu wakageuka.

"Ee! Mwalimu ametoa, na anamtaka tena?"

"Basi huyo kuku si wa kawaida," akasema mtu, na bei ikapanda. Nikapandisha. Ikapandishwa. Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Mama Naelijwa, bibi mmoja jirani yangu, ambaye binti yake alikuwa amejifungua wiki ile na alikuwa anatafuta supu ya mzazi. Nami mfukoni nilikuwa na nauli na hela ya daktari tu. Nikanyamaza. Kikapu kikaenda kwa Mama Naelijwa kwa vigelegele.

Mnajua mama zetu hawabebi kuku bila kumpapasa kidari. Akaingiza vidole kwenye tundu la khanga, akatulia, akaniangalia.

"Mwalimu, mbona kuku wako ana masikio?"

Akaomba kisu, akakata uzi. Kichwa cha Karani kikatokeza, macho yamelegea. Uwanja ukalipuka. Wengine walishika mbavu, wengine walishikana. "Mwalimu anatulisha paka!" "Na ni mjumbe wa kamati!" Eliamani alicheka kwa besi. Mzee Elieza peke yake hakucheka, alikuwa anatafuta pa kuuficha uso, na nikajua kwamba nimemwaibisha mtu asiye na kosa lolote.

Karani akajikokota nje ya kikapu, akapanda juu ya tangawizi ya watu, akachuchumaa, akajikamua. Hakuna kitu. Kelele zikaongezeka. Ndipo sauti moja ikasema, "Nyamazeni kidogo."

Alikuwa Bi. Kabula, afisa mifugo wa kata yetu. Ni mwenyeji wa Shinyanga, na kwa sababu ametoka nchi ya ng'ombe, wote tulimwita daktari wa ng'ombe, na haikuwahi kunijia kwamba mkono unaojua ng'ombe unaweza kujua paka pia. Ibada nzima alikuwa amekaa benchi la tatu mbele yangu. La tatu!

Akapiga magoti, akamgusa Karani tumbo kwa vidole viwili. "Paka huyu ni wa nani?"

Ulimi wangu ukawa mzito, ndugu zangu, hata hapo bado ulikuwa mzito. Mama Naelijwa akanitazama, kisha akasema, "Wangu. Si nimemnunua sasa hivi, kila mtu ameona? Mtibu, mwanangu."

Bibi yule alikuwa amekosa supu, amechezewa mbele za watu, na bado alinifunika aibu. Hilo ndilo lililonifungua mdomo. "Ni wangu, daktari. Anaitwa Karani. Anajikamua tangu jana, nikadhani choo."

"Shikamoo mwalimu," akasema bila kuinua macho (hata katikati ya dharura hakuacha adabu). "Si choo, ni mkojo. Umeziba. Dume akijikamua hivi bila kutoa hata tone, usingoje kesho. Sumu inarudi mwilini, kesho usingemkuta."

Akatoa begi kwenye pikipiki yake, akachukua sindano nyembamba anayochanjia mbwa, mimi nikashika miguu ya mbele, na Mzee Elieza, Mungu ambariki, akaja akashika ya nyuma. Bi. Kabula akaichoma tumboni, akavuta mkojo kidogo kidogo, mwekundu kama chai ya rangi. Hakuna aliyecheka tena. "Hii ni kupunguza tu," akasema. "Inatakiwa awekwe mpira wa mkojo. Eliamani, washa gari." Eliamani hakwenda hata kuvua joho la kwaya.

Bi. Kabula aliteremka nasi mpaka Same, Karani mapajani mwake. Kliniki wakamlaza usingizi, wakampitisha mpira mwembamba, wakamsafisha, akakaa kwao siku tatu. Nikafundishwa, nami nawafundisha: dagaa wakavu walowekwe, maji safi yasikosekane, na dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, kimbia. Usimpe mafuta ya kula.

Jioni ile ile ya Jumapili, njiani kurudi, simu ikalia. Mke wangu. Hata salamu hakunipa. "Nasikia umemuuza Karani kanisani."

Nilimpelekea Mama Naelijwa jogoo wa kweli, na Mzee Elieza nilimwomba radhi mbele ya kamati. Akanisamehe, ila hajasahau. Nami sina kinyongo, nina shukrani tu, maana watu walionicheka ndio walionishikia paka. Na siku hizi ibada ikiisha, pikipiki ya Bi. Kabula haiondoki upesi: huyu kaleta mbwa mwenye kidonda sikioni, yule kaleta paka kwa chanjo, amemkumbatia wazi, hakuna khanga.

Tangu siku ile nikibeba paka nasema paka. Jumapili ya mavuno iliyofuata nilifika mlangoni na kikapu. Mzee Elieza akasimama katikati ya njia, mikono nyuma.

"Umebeba nini, mwalimu?"

Nikakiweka chini, nikafunua mwenyewe. "Kuku, mzee. Mpapase."

Akainama, akampapasa kweli, kichwa mpaka mkia.