Chupa za Kavugho kwenye Mapera ya Papa Timothée

Ukisimama sokoni mbele ya maharagi yangu ya Kivu, utauliza bei, na miye nitakupa habari ya mutoto wangu Kavugho. Vumilia tu. Mwenye haraka aende kwa muchuuzi mwengine.

Kavugho alikataa kazi ya duka, akasoma kilimo. Wamama wa Kabondo, mtaa wetu, walinicheka: "Mama Kavugho, unalipa masomo ili mutoto akashike jembe?" Niliwaacha waseme. Utafiti wake ni wa nzi wa matunda, yule anayetaga ndani ya tunda likiwa bado mutini. Unauma pera, unakuta funza wanacheza.

Papa Timothée, jirani yetu, alimpa shamba lake la mapera ajaribu. Mzee alikuwa amechoka. Shoka alishainoa.

"Binti yangu, uko na musimu huu tu. Yakioza tena, ninakata yote, ninapanda mihogo."

Miti ile ilipandwa na marehemu bibi yake, mke wake wa ndoa. Kuikata kungemuuma, sisi wote tulijua.

Kavugho alinyunyizia miti yote maji ya majani ya moringa, ya kuipa nguvu. Kisha upande mumoja tu akatundika chupa za plastiki zenye matundu, ndani masanga ya mbila, ile pombe ya michikichi, yaliyochacha, maana nzi anapenda ile harufu kuliko walevi wetu. Upande wa pili akauacha bila chupa, apate kulinganisha.

Mapera yalipoanza kuiva, ee Mungu wangu! Upande wa chupa, matawi yamelemewa. Upande wa pili, karibu matupu. Papa Timothée akacheza. Miye nikaanza kujivuna sokoni. Kavugho peke yake alikunja uso.

"Mama, nzi anaozesha tunda, halibebi. Yale mengine yameenda wapi?"

Aka! Kila mutu alijua isipokuwa yeye. Kwetu, ukiona kitu kimefungwa kwenye muti wa matunda, ni dawa ya mwizi: ukichuma, tumbo linavimba. Wezi waliona chupa, maji machafu, vidudu vimekufa ndani, wakahamia upande wa pili.

"Bon, nyamaza basi," nikamwambia. "Matunda iko mengi, mzee iko na furaha. Unataka nini tena?"

"Nataka ikuwe kweli, mama."

Nilikasirika mpaka nikaunguza sombe, mboga ya majani ya mihogo. Yeye akaenda kusimama nje ya kanisa misa ilipoisha, akafungua chupa moja mbele ya watu, akamwaga nzi chini, akaingiza kidole ndani na kukilamba. "Haiko dawa ya mwizi. Ni mutego wa nzi tu."

Papa Timothée alishika kichwa. "Umewaalika wezi! Alors, shoka iko palepale."

Yalibaki mapera ya mwisho, pande zote mbili. Yalipoiva, Kavugho alichuma kiasi kila upande, akayapasua mbele ya mzee. Ya upande wa chupa, safi. Ya upande wa pili, funza watupu. Mzee akatingisha kichwa: "Hayo umechagua mwenyewe."

Kesho yake asubuhi akaja kwetu mbio, anapiga kelele. Wezi wamepita! Tukamfuata shambani. Upande wa chupa walikuwa wamekomba kila kitu. Upande wa pili, mapera yalining'inia palepale, hawakugusa hata moja.

Kavugho alianza kucheka, kisha machozi yakamutoka. Mzee alitazama huku, akatazama kule, hasira ikamwisha usoni.

"Kumbe," akasema. "Hao nao wamechagua."

Akaingia nyumbani, akatoka na shoka begani. Akapita kwenye mapera bila kusimama, akaelekea kwenye vichaka vya nyuma. Jioni alikuwa anasimika nguzo za uzio kuzunguka miti ya bibi yake, na Kavugho anamushikia.

Yule ni mutoto wangu miye. Haya, sema sasa: maharagi unataka ya manjano ao mekundu?