Unga Kwenye Injini ya Ndege

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikwenda ofisi ya kijiji, kule Mahurunga, kuomba barua ya safari. Nikakuta kesi.

Jana yake fundi wetu wa pampu alirusha kindege alichokiunda mwenyewe kwa mbao na turubai. Kilipovuka minazi injini ikakohoa, ikaishiwa nguvu, kikaangukia mihogo. Fundi alilazwa hospitali, miguu yote miwili imevunjika.

Sasa katibu alikuwa amemkaba kola mkimbizi wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, aliyekuwa akimsaidia fundi.

"Umetumwa na Mreno! Mrija wa hewa umejaa unga pomoni. Leo unalala polisi Mtwara."

"Wallahi, ndugu katibu, sijui," akajibu yule bwana.

Mama mzazi wa fundi alikuwa ameketi sakafuni, pindo la kanga mdomoni. Akainuka.

"Mwacheni mgeni wa watu. Unga nimetia mimi."

Mkono wa katibu ukalegea. "Mama! Umwue mwanao?"

"Kwetu mtu hasafiri bila kumwagiwa unga wa mtama, baba. Nilimwuliza mwanangu, dude hili linavuta pumzi wapi? Akanionyesha. Nikaona dua iingie hapo hapo."

Hakuna aliyecheka. Aliyemshika mkono na kumkalisha upya, taratibu, ni yule mkimbizi.

Wanangu, nami nimebariki safari nyingi. Tangu siku ile, kabla sijachota unga, namwuliza kwanza msafiri: niumwage wapi?